Jinsi Mwalimu Apatikanavyo

Maneno yaliyosemwa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mbele ya wana parokia na walimu wa Bukoba na Muleba, katika sikukuu ya Yubilei ya jimbo



Nimeagizwa niseme habari za kazi ya ualimu katika nchi yetu hii, na jinsi mimi nilivyopata kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wako waliostahili kusimama hapa kuliko mimi, lakini wengi wao wamekwisha kulala makaburini, na abakiye ndiye asemaye. Sitawachosha. Neno langu ni moja: mwalimu hapatikani kwa cheti peke yake, wala hajifanyi mwenyewe, hupatikana pale watu wanapokubali kukaa naye mpaka aijue kazi. Neno hili nitawaonyesha katika mambo niliyoyaona, kisha mtapima wenyewe kama ni la kweli.

Kwanza tuwakumbuke waliotutangulia. Mwaka 1892 Mapadre Weupe walifika Kashozi pamoja na Askofu Hirth, baada ya vita vilivyotokea Buganda mwaka ule ule. Mwaka 1910 wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani wakafika nao Bukoba. Lakini herufi hazikuja kwa wageni peke yao. Ziliingia pia kwa miguu ya vijana waliokwenda Buganda na kurudi, nao wakirudi walikuwa na vitabu vidogo vya Kiganda chini ya nguo zao. Wazee wetu waliwaita watu hao abashomi, yaani wasomaji, na jina hilo likawa jina la Wakristo wenyewe. Maana katika vinywa vya watu kusoma na kusali vilikuwa kitu kimoja.

Sasa fikirini: katika vibanda vile vya nyasi vya vijijini, ni nani aliyekuwa akifundisha? Hakuwa mtu wa chuo, maana chuo hakikuwapo bado. Alikuwa kijana aliyemaliza kitabu kimoja, akimfundisha mwenzake aliyekuwa katika ukurasa wa kwanza. Alilolipata leo alilitoa kesho. Hata hivyo hakuachwa peke yake. Kwa nyakati zilizowekwa alikwenda misheni, akasikilizwa, akaongezewa, akarudishwa kijijini kwake. Seminari ya Rubya na vyuo vya walimu, kama kile cha Katoke walichokianzisha Waanglikana, vilikuja baadaye, na kazi yake ilikuwa ile ile: kumchukua kijana ajuaye kidogo, na kukaa naye. Nawaomba mlishike jambo hili, maana yaliyonipata mimi yalikuwa jambo hilo hilo la zamani likirudi kwa jina jipya.

Mimi nilizaliwa mwaka 1959, katika uwanda wa juu wa Kamachumu. Nyumba yetu ilizungukwa na migomba na mibuni kama nyumba zote za huko. Mnajua wenyewe kibanja ni nini kwa Mhaya: ni chakula chake, ni kaburi la babaye, ni jina la ukoo wake. Lakini mnajua pia kwamba binti hakuhesabiwa katika urithi wa kibanja kama kaka zake. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimpa mwanamke ruhusa ya kula matunda ya shamba la ukoo maadamu yu hai, kuliuza hakuweza. Neno hilo halikukatwa hata mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza ilipoamua, katika kesi ya mwanamke wa Kihaya, kwamba haki ya mwanamke na haki ya mwanamume ni sawa katika jambo hilo. Miaka ya utoto wangu siku hiyo ilikuwa mbali. Basi msichana aliyemaliza darasa la saba, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, alikuwa na njia moja mbele yake: kungoja kuolewa, apate kibanja cha watu wengine.

Mimi nilimaliza darasa la saba mwaka 1975. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikuwa imekutana Musoma, ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe ameingia darasani. Karo ya shule ya msingi ilikuwa imekwisha kuondolewa mwaka 1973. Lilikuwa neno jema, nalo lilitimizwa kwa kadiri kubwa: wanafunzi wa shule za msingi nchini waliokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974 walipita milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini watoto wakija wengi namna ile, nani atawafundisha? Vyuo vilivyokuwapo havikuweza kutoa walimu wa kutosha, hata kama vingefundisha usiku na mchana. Ndipo Serikali ikaamua kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, kuwaweka mbele ya madarasa ya chini, na kuwafundisha ualimu huku wakifanya kazi. Mpango huo ulianza mwaka 1976, na zaidi ya walimu 35,000 walipatikana kwa njia hiyo.

Jina langu lilisomwa katika mkutano wa kijiji. Bibi yangu, mama yake baba, aliposikia, aliuliza neno moja: "Mtoto atawafundisha watoto?" Watu wakacheka, naye hakucheka. Baba hakujibu upesi. Jioni aliniita nyuma ya nyumba, penye mibuni, akasema, "Mwanangu, nenda. Mshahara hauna ukoo." Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa baada ya miaka mingi, niliponunua kipande cha ardhi kwa fedha yangu, na karani akaandika jina langu bila kuniuliza mimi ni mke wa nani.

Sasa niwaeleze jinsi tulivyofundishwa, maana vijana wa leo hawaijui kazi ile. Asubuhi tuliingia darasani, tukafundisha darasa la kwanza au la pili. Mchana, watoto wakienda kwao, sisi tuligeuka kuwa wanafunzi. Masomo yalikuja kwa posta, yamepigwa chapa katika vijitabu. Tuliyasoma, tukajibu maswali, tukayarudisha, yakasahihishwa. Masomo mengine yalitoka katika redio, kwa saa zilizowekwa, nasi tuliketi kuizunguka kama watu waotao moto. Tena palikuwa na wakufunzi waliotuzungukia shuleni. Karibu miaka mitatu tulikwenda hivyo, na mwisho wake tuliitwa chuoni kwa wiki kama sita, kabla ya kupewa cheti. Usiku nilisoma kwa koroboi, na asubuhi pua yangu ilikuwa nyeusi kwa moshi. Watoto walijua kwa pua ile kwamba mwalimu wao amesoma.

Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya sitini, na madawati ya kuwatosha nusu yao. Taabu ya kwanza ilikuwa lugha. Watoto wale waliingia shuleni wakiwa na Kihaya kinywani. Kiswahili walikuwa wamekisikia sokoni na redioni tu. Nanyi mwajua kwamba katika Kihaya sauti za r na l ni kama ndugu wa nyumba moja, wala maana ya neno haiharibiki. Kiswahili hakiruhusu undugu huo. Mahali siyo mahari, wala kula siyo kura. Mtoto akisema kwamba babaye amekwenda kutoa "mahali" ya kaka yake, mgeni wa pwani hatajua kama zimetolewa ng'ombe au kimetolewa kiwanja.

Hapo ndipo lazima nimtaje mtu aliyenifanya mwalimu, ingawa jina lake nitaliacha, kwa kuwa hakupenda kutajwa hata alipokuwa hai. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu, mzee aliyesomeshwa katika shule za misheni kabla ya Uhuru, naye alikuwa amefundisha katika shule hizo hata zilipochukuliwa na Serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Mara tatu kila juma alichukua kiti chake ofisini, akakiweka nyuma ya darasa langu, akaketi kimya na daftari ndogo mkononi. Watoto walimzoea kama walivyouzoea ukuta. Mbele yao hakunisahihisha hata siku moja. Somo likiisha, tulitembea pamoja hadi mwisho wa kiwanja, na huko aliniambia mambo mawili tu: moja la kushika, na moja la kutengeneza. "Mambo mawili yatosha," alisema. "Ukibebeshwa mzigo wa kumi utautua wote njiani."

Katika habari ya r na l aliniambia, "Usiwakemee. Sikio hutangulia ulimi. Wape maneno mawili mawili. Wakisikia r wanyoshe mkono wa kulia, wakisikia l wanyoshe wa kushoto. Wakiisha kusikia, watasema." Nikafanya hivyo kwa majuma mengi, dakika kumi kila asubuhi, na watoto waliufanya mchezo. Siku nyingine aliniambia, "Usiliulize darasa zima, Mmeelewa? Watoto sitini watajibu, Ndiyo, mwalimu, na arobaini kati yao hawajui umeuliza nini. Mchukue mmoja, umpe chaki, uone." Neno hilo nimelifuata miaka arobaini na mitatu, wala sijapata jingine lililo bora.

Na katika mwezi wa Novemba, senene walipoanguka, nilifika asubuhi nikakuta watoto tisa tu. Wengine walikuwa wametoka alfajiri kwenda kukamata senene pamoja na mama zao. Mwalimu mkuu hakushika fimbo. Alisema, "Kesho kila mtoto aje na hesabu ya senene aliokamata, na wangapi walikuwa wa kijani, na wangapi wa kahawia." Siku ya pili darasa lilijaa, nasi tukajumlisha na kutoa mpaka kengele ikalia. Kumbe kijiji chote kilikuwa sanduku la vifaa vya kufundishia: buni za kuhesabia, maganda ya migomba ya kupimia urefu, mchanga wa kuandikia herufi kwa kidole. Vijitabu vya posta vilisema jambo hilo kwa maneno ya jumla. Yeye alinionyesha mahali lilipokuwa.

Lakini si wote waliopata mtu wa namna hiyo. Kijana mmoja tuliyeandikishwa naye siku moja, mwenye akili kunishinda, alipelekwa katika shule nyingine ambayo sitaitaja. Huko alipewa chaki na darasa, kisha mlango ukafungwa. Hakuna aliyeketi nyuma yake. Akikosea hakujua, akipatia hakujua vilevile. Vijitabu vya posta vilimfikia vikamrundikia mezani. Mwaka wa pili aliacha kazi, akaenda kuvua samaki. Watu walisema hakuwa na wito. Mimi nasema wito wake uliachwa bila maji ukakauka, kama mche wa mbuni uliopandikizwa wakati wa kiangazi.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaishika nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wa upande ule wakakimbia kuja kusini, wengine wakiwa na mbuzi, wengine wakiwa na watoto tu. Redio yetu ya masomo ikawa redio ya habari za vita. Mwalimu mkuu akatukusanya walimu akasema, "Madarasa yafunguliwe kila siku kwa saa ile ile. Mtoto aliyepoteza nyumba asipoteze na saa ya shule." Tukawaandika watoto wageni bila kuwadai barua za uhamisho. Mmoja wao, mvulana wa darasa la pili, hakunena neno kwa majuma matatu. Alikuja, akaketi, akaandika, akaondoka. Siku aliponyosha mkono kwa herufi l, sikuweza kuendelea na somo kwa kitambo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera. Nami mwaka ule nikaitwa chuoni, nikamaliza majuma yangu, nikapewa cheti cha daraja la III C.

Mtu angedhani kwamba hapo nilikwisha kuwa mwalimu. Haikuwa hivyo. Mpango wetu uliitwa kwa herufi tatu, UPE, kwa maana ya elimu ya msingi kwa wote, na watu wakazigeuza herufi hizo wakasema kwamba maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Neno hilo lilitufuata sokoni, kilabuni, na hata nje ya milango ya kanisa baada ya misa. Wala sitasema kwamba lilikuwa uongo mtupu. Wako watoto waliotoka darasa la saba katika miaka ile bila kusoma vema. Jambo hilo ni kweli, na kuificha kweli si heshima kwa mtu. Darasa lenye watoto wengi, kitabu kimoja kwa watoto sita, na mwalimu wa miaka kumi na saba asiyeangaliwa na mtu, haviwezi kuzaa matunda mema. Lakini palipokuwa na mzee wa kuketi nyuma ya darasa, watoto walisoma. Hili nililiona kwa macho yangu, katika mpango ule ule mmoja na kwa vijana wa cheti kile kile.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu huu. Kabla watu hawajalijua jina hilo waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la nguo zilizouzwa kwa magendo mpakani. Miaka iliyofuata mnaijua, maana hapana nyumba hapa isiyokuwa na kaburi la miaka ile. Mimi niliiona katika daftari la mahudhurio. Kwanza alama za kutokuwapo zilizidi siku za mazishi. Baadaye zikazidi kila siku. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuja saa tatu, kwa sababu alikuwa amechota maji, amewapikia wadogo zake, amemgeuza mama yake kitandani. Je, mtoto huyo apigwe kwa kuchelewa? Tukakubaliana shuleni kwamba yeyote ajaye kwa sababu hiyo aingie bila kuulizwa mbele ya wenzake, na masomo ya asubuhi yarudiwe kwa ufupi saa sita. Akina mama wa jumuiya za parokia wakaanza kupika uji, kila mmoja kwa zamu yake. Hawakuwa walimu, lakini bila sufuria lile somo la saa sita lisingefundishika.

Walimu nao walikufa. Mwaka mmoja shule yetu iliwazika wawili. Ndipo nilipoambiwa nifundishe darasa la saba, mimi niliyekuwa na elimu ya darasa la saba. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu wangu wa zamani, aliyekuwa amekwisha kustaafu, nikamkuta akianika kahawa yake. Hakuniuliza nimekuja kwa nini. Aliketi nami barazani, akanirudisha kwenye hesabu za sehemu na asilimia, jioni kwa jioni, miezi minne. Alikuwa amezeeka, na macho yake hayakuona tena ubao; akanifanya nimsomee kila hesabu kwa sauti, na mahali nilipositasita ndipo alipojua kwamba sijaelewa. Bandu bandu huisha gogo. Watoto wangu wa mwaka ule walifanya mtihani wa darasa la saba, na wengine wao wakaenda sekondari.

Miaka ikapita. Ada ya shule ya msingi iliyokuwa imerudishwa ikafutwa tena mwaka 2001, na mwaka 2002 ukaanza mpango ulioitwa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Madarasa yakajaa tena, na sisi walimu wa daraja la chini tukahimizwa kupanda hadi daraja la A. Ili kupanda, mtu alipaswa kwanza kuufaulu mtihani wa kidato cha nne. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Wenzangu wengine walisema wamechoka, wala siwalaumu. Mimi nilitafuta mwalimu wa hesabu, nikampata: kijana aliyekuwa akifundisha katika sekondari ya jirani, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kuhesabu kwa buni za kahawa. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akashindwa kuingia, akasema, "Mwalimu, nitakufundishaje wewe?" Nikamwambia, "Ketia kiti hicho, mwanangu. Nipe chaki, uone." Mtihani niliufanya katika chumba kimoja na vijana wa umri wa watoto wangu, nikafaulu, nikapanda daraja. Nilistaafu mwaka 2019, nikiwa na miaka sitini.

Haya nimeyasimulia kwa ajili ya mambo matatu, nami nitayasema wazi.

La kwanza ni kwenu, wana parokia. Leo hakuna tena aingiaye ualimu kwa elimu ya darasa la saba, nasi tunashukuru. Lakini ziko shule ambazo walimu hawatoshi, na wazazi huchanga fedha kumlipa kijana anayejitolea. Mnafanya vema. Ila msidhani kwamba kazi yenu imekwisha mkiisha kumlipa. Mwulizeni mwalimu mkuu: kijana huyu anaangaliwa na nani? Katika kila parokia wamo walimu wastaafu, wanaochuma kahawa na kulisha kuku, na vichwani mwao imo kazi ya miaka arobaini. Mwende kwao mkawaombe, kwa ruhusa ya shule, waende mara moja kwa juma wakaketi na kijana yule. Hawatadai mshahara. Watadai kiti na kikombe cha chai.

La pili ni kwenu, vijana mnaojitolea na mliotoka chuoni juzi. Msione haya kuanza mkijua kidogo. Hata waliofundisha wasomaji wa kwanza wa nchi hii walijua kidogo. Aibu ni kubaki pale pale. Mkiona hamna wa kuwaangalia, mtafuteni, msingoje aletwe. Na mtu akiwapa jina la dharau, msishindane naye kwa ulimi. Mleteni darasani, mmpe mtoto mmoja chaki mbele yake.

La tatu ni kwenu, walimu wenzangu mlio wakuu wa shule. Najua kazi za ofisi ni nyingi: takwimu, taarifa, vikao, ujumbe wa simu usiokoma. Lakini nawasihi: Jumatatu ijayo, kabla hamjafungua faili lolote, kila mmoja wenu achukue kiti chake, akakiweke nyuma ya darasa la mwalimu aliye mdogo kuliko wote, na akae kimya mpaka somo liishe. Kisha amwambie mambo mawili: moja la kushika, na moja la kutengeneza.